Kwale Wadogo wa Baba

Kuna harufu ya naftalini, vile vidonge vyeupe ambavyo watu huweka kwenye masanduku ya nguo ili wadudu wasile. Wengi wenu mkiinusa mnakumbuka shuka za wageni, au suti ya babu iliyotolewa siku za harusi tu. Mimi nikiinusa naona ndege waliokufa. Nawaona wamelala chali kwenye sanduku la bati, wamebanana kama watoto kitandani, miguu imefungwa kwa uzi mweupe, na kwenye kila uzi kuna kikaratasi chenye mwandiko wangu wa darasa la tano. Juzi nilikuwa dukani kwa mwanamke mmoja anayeuza makoti, akafungua kabati lake la nyuma, harufu ile ikanipanda hadi kichwani. Ilibidi nitoke nje nishike nguzo. Yule mama akanifuata na kuniuliza kama nina mimba. Kwa umri wangu huu, nilimshukuru kwa heshima aliyonipa.

Sijawahi kuisimulia habari hii kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mume wangu anaijua nusu. Ninyi nitawapa yote.

Nyumbani kwetu ni Kawetele, karibu na Tukuyu mjini. Kwetu mvua haina msimu wa kunyesha, ina msimu wa kupumzika, nao ni mfupi. Sare za shule tulikausha juu ya moto, kwa hiyo darasa zima lilinuka moshi na hakuna aliyemcheka mwenzake. Migomba ilifika mpaka dirishani. Alfajiri, kabla mama hajawasha moto, kwale walilia shambani, kwale wa kawaida wenye miguu myekundu na sauti ya kukwaruza, kama mtu anayejaribu kufungua kufuli lenye kutu. Nilizaliwa nikiwasikia, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anaweza kulipwa mshahara kwa sababu yao.

Baba alilipwa. Kwa miaka mingi alifanya kazi mbali na nyumbani, katika ofisi moja ya serikali iliyoshughulika na wanyama wa porini, na kazi yake ilikuwa kuchuna ndege. Wataalamu walipiga risasi, yeye alichuna. Alitoa nyama na mifupa kupitia mpasuko mdogo tumboni, akapaka ngozi dawa, akajaza pamba, akashona, akalaza ndege kama amesinzia. Elimu yake ilikuwa ya darasa la nane, lakini majina ya kitaalamu ya ndege aliyajua kama wenzake walivyojua nyimbo za kanisani, na wakati mwingine aliyaimba kwa sauti ya nyimbo hizo, mama akamkemea.

Halafu zikaja zile zama ambazo mashirika yalikuwa yakifungwa, mengine yakiuzwa, na serikali ikasema ina watu wengi kuliko kazi. Baba akapunguzwa. Neno hilo nililisikia kwa mama akimwambia jirani, nikadhani wamemkata mahali. Baba aliporudi, akishuka kwenye lori na sanduku lake la bati, redio, na rula ya chuma, nilimhesabu vidole vyote vya mikono. Vilikuwa kumi. Nilifarijika sana, na nikashangaa kwa nini watu wazima wana huzuni.

Kilichopungua kwake hakikuonekana kwa kuhesabu. Aliacha kuzungumza. Mama alikuwa ameanza kuuza mitumba sokoni Tukuyu, kwa sababu wakati huo kila mtu aliuza kitu, hata walimu wetu waliuza maandazi wakati wa mapumziko. Mama alitaka baba aende naye. Baba alisema atafikiri. Alikaa barazani akafikiri kwa miezi. Macho yake pia yalikuwa na ukungu, mboni zimeanza kuwa nyeupe, na kwa kuwa matibabu yalikuwa yameanza kulipiwa alisema anaona vizuri tu. Watu aliwatambua kwa vishindo vya miguu. Mimi nilijua, kwa sababu siku moja aliniambia nimpishe kuku apite, na aliyekuwa amesimama pale ni mbwa.

Aliyembadilisha alikuwa Ambokile, jirani yetu, mtu mfupi mwenye watoto wanne, mtegaji hodari kuliko wote. Alikuja mchana mmoja na ndege wawili kwenye kikapu.

"Baba Atu, nimekuletea vifaranga vya kwale," alisema. "Nimewatega juu, kwenye zile nyasi ukishatoka msituni. Ni wadogo, lakini mchuzi watatoa."

Baba alimchukua mmoja akampapasa. Alimpitisha kidole gumba kichwani, polepole, akabonyeza fuvu.

"Huyu si kifaranga," alisema.

"Ni mdogo, mzee."

"Hata wewe ni mdogo, Ambokile, na una watoto wanne."

Ambokile alicheka mpaka akashika ukuta. Baba hakucheka. Alikuwa ameniita. "Atupele, mama, njoo hapa kwenye mwanga. Niambie miguu yake ina rangi gani."

Nilimwambia ni ya njano, kama ndizi iliyoiva sawasawa. Akaniuliza kuhusu koo, tumbo, mistari ya mgongoni. Nikamjibu moja moja. Alinisikiliza kinywa wazi kidogo. Halafu akamwuliza Ambokile wanalia vipi, Ambokile akapiga filimbi tatu zinazoshuka, kama mtu anayeteremka ngazi. Hazikufanana hata kidogo na kufuli lenye kutu.

Baba akaniagiza nilete sanduku la bati.

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu ilibadilika. Kila Ambokile alipopata kwale wa juu alimleta, na baba aliwachuna barazani, mimi nikiwa macho yake. Alinifundisha. Aliniambia kwamba ukimkuta ndege mdogo, usiulize kwanza ni wa namna gani, uliza ni mzima au ni mtoto, maana wajinga wengi wametangaza aina mpya ya ndege kumbe wameona kifaranga. Fuvu la kifaranga ni laini na linapitisha mwanga, la mzima ni gumu. Aliniambia kwamba rangi ya miguu hufa pamoja na ndege, baada ya siku chache njano huwa kama tope, kwa hiyo iandikwe siku ileile. Na aliniambia kwamba hakuna kitabu alichowahi kukiona, katika vile alivyopangusa vumbi miaka yote ile, chenye kwale mdogo wa miguu ya njano anayepiga filimbi tatu.

"Kwa hiyo ni wa kwetu peke yetu?" nilimwuliza.

"Hatujui. Ndiyo maana tunapima."

Tulipima bawa, mkia, mguu na mdomo. Bawa ndilo lililokuwa la maana kuliko vyote. Baba alisema kwale wa kawaida, hata jike dogo kabisa, bawa lake halishuki chini ya milimita mia na hamsini. Nililaza rula ya chuma juu ya bawa la yule ndege wa kwanza, nikabana kama alivyonionyesha, nikasoma.

"Mia na arobaini na tisa."

"Moja tu," alisema baba. Nikaona uso wake ukishuka. Sijui niwaelezeje. Ulishuka kama ulivyokuwa siku zote za barazani, na niliogopa kwamba hautapanda tena.

Tukachukua wa pili. Nilibana, nikasoma, na rula ilisema mia hamsini na moja. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilitazama mboni zake nyeupe zilizokuwa zimenigeukia.

"Mia arobaini na nne," nikasema.

Baba alikuwa bado ameshika ncha ya lile bawa. Kisha akatabasamu. "Andika," alisema.

Niliandika kwenye kaunta buku. Jioni hiyo aliimba majina ya kitaalamu kwa sauti ya wimbo wa kipaimara, na mama hakumkemea. Alisimama mlangoni na kikapu chake cha mitumba kichwani, akasikiliza, akaniuliza kwa kunong'ona, "Amepata barua ya kurudi kazini?"

Nikamwambia, "Amepata ndege."

Baada ya hapo sikuweza kuacha. Kila ndege nilimpunguza kidogo, huyu milimita nne, huyu sita, ili wasifanane mno, maana hata katika uongo nilikuwa mwanafunzi mwangalifu. Sikuona nafanya ubaya. Nilijua ndege ni wa peke yake, baba alikuwa ameshaeleza, na nilidhani namsaidia tu kufika mahali alipokuwa anakwenda. Watu walianza kumwita Bwana Kwale kwa kejeli, lakini alinyoa ndevu, akawa anavaa shati la kola anapochuna, kama yuko kazini.

Sasa nataka niwaambie kuhusu ndege wa saba, na naomba mnisikilize vizuri.

Siku ile baba alikuwa ameitwa kanisani Bulyaga kwenye msiba. Ambokile alileta jike moja, bado lina joto. Hali ya hewa ilikuwa nzito na niliogopa litaharibika, kwa hiyo nikaanza kulichuna mwenyewe, kwa mara ya kwanza bila baba. Mkono wangu ulikuwa mzito. Kisu kiliingia ndani kupita kiasi, na ute ukanimwagikia vidoleni, wa uvuguvugu, wenye kiini cha njano. Nikapanua mpasuko nikaona. Mle ndani mlikuwa na yai. Gamba lake lilikuwa limeshakuwa gumu, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, nami nilikuwa nimelipasua vipande vitatu.

Niliona aibu kwa kuharibu. Nilivitupa vile vipande uani, na kuku, ambao hula hata magamba ya ndugu zao, wakavimaliza kabla sijanawa mikono. Baba aliporudi nilimwambia kulikuwa na yai. Alisimama. "Lenye gamba?" Nikasema lenye gamba. "Liko wapi?" Nikasema kuku wamekula. Akaniambia niandike: jike, yai limekamilika ndani. Nikaandika. Nilidhani amekasirika kwa sababu ya kuku.

Ndege walifika kumi na mmoja. Baba alinitajia neno kwa neno barua ya kwenda kwenye jumba moja la makumbusho, mimi nikaiandika, kurasa nne, pamoja na vipimo vyote. Tuliwafunga ndege wawili kwenye boksi la viatu, nikalipeleka posta Tukuyu nikiwa nimelikumbatia chini ya koti la mvua, na karani alipouliza kuna nini ndani nilisema ni wageni wa baba.

Tulingoja. Mvua ikaja, ikazidi, ikapumzika, ikaanza tena. Katika kungoja huko mambo ya juu mlimani yalibadilika. Zile nyasi alipewa mtu mmoja mwenye uwezo, wakachoma, wakalima kwa trekta, wakapanda viazi. Ambokile, ambaye awali alileta ndege kwa ajili ya kuongea na baba, sasa alikuwa na biashara. Kwale waliokimbia moto waliingia mitegoni kwa wingi, naye aliwafunga miguu akawapeleka Kiwira, akawainua madirishani pale mabasi yaliposimama, katikati ya wauza viazi na maparachichi. Baba alimwita barazani.

"Ambokile, ndugu yangu, wale wa njano usiwauze."

"Mzee, ninyi mkipata ndege mnamjaza pamba. Mimi nikipata ndege najaza matumbo ya watoto."

"Subiri tu barua ijibiwe."

"Siku hizi biashara ni huria," alisema Ambokile, wala si kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Hata wewe, wangekuwa wanakuhitaji, wasingekupunguza."

Nilikuwa nimeshika rula, nakumbuka, nikaipangusa kwa sketi yangu ingawa ilikuwa safi.

Barua haikujibiwa. Alikuja mtu.

Alikuja mchana, kwenye Land Rover yenye matope mpaka madirishani. Alikuwa kijana mpole, mwenye miwani, aliyemwamkia baba shikamoo mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza mvua ilikuwa imeifunika. Alikuwa na lile boksi letu la viatu. Alisema barua ile imemshangaza, hajaona maelezo mazuri namna ile kutoka kwa mtu aliyeko kijijini, na kwa kuwa alikuwa na safari ya Mbeya aliona aje mwenyewe. Baba alivaa shati la kola. Mama alichemsha chai na kuwatoa majirani mlangoni. Kwa muda wa kikombe kimoja cha chai tulikuwa watu wenye furaha, nawaambia kweli, na mimi ndiye pekee mle ndani ambaye hakugusa chai yake.

Kijana alitoa kipimo cha chuma kinachong'aa, akawaweka wale wawili mezani, akapima, akatazama kaunta buku. Akapima tena. Akaomba sanduku. Akapima wote kumi na mmoja, akitaja kwa sauti, na baada ya kila namba alisoma ile iliyoandikwa na mimi. Mia hamsini na moja, hapa imeandikwa mia arobaini na nne. Mia hamsini na mbili, hapa mia arobaini na sita. Sauti yake ilizidi kuwa ya chini, kama daktari.

"Mzee," alisema mwishoni, "hivi vipimo havilingani. Labda rula yako ina kipande kitupu kabla ya sifuri. Hutokea."

Aliniomba rula. Nilimpa baba, maana mkono wa baba ndio ulionyooshwa kwanza. Baba aliipapasa ncha yake kwa kidole gumba. Mistari iliyochongwa ilianzia kwenye ncha yenyewe, kama siku rula ilipotoka kiwandani. Aliipapasa, akaiweka mfukoni mwa shati.

"Ndiyo," alisema. "Kipo."

Kijana alionekana kufarijika. Alieleza, kwa heshima, kwamba kwa vipimo vya kweli ndege hawa wako mpakani tu, wengine chini kidogo, wengine juu kidogo, na ndivyo kwale wa kawaida walivyo wakiwa wanakaribia kukomaa. Vifaranga waliochelewa. Baba alizungumza juu ya miguu ya njano. Kijana aliitazama miguu ile, ilikuwa imeshakuwa rangi ya tope. Baba alisema fuvu lilikuwa gumu. Kijana akauliza fuvu alilitazama kwa namna gani, baba akainua kidole gumba. Baba alipiga zile filimbi tatu, lakini meno yake mawili ya mbele hayakuwepo, na hazikutoka vizuri.

Kijana alikuwa anafunga kaunta buku, kisha akasimama kwenye ukurasa mmoja.

"Kuna hili," alisema. "Ndege wa saba. Jike, yai limekamilika ndani. Kama hili ni kweli, basi hakuwa kifaranga." Aliinua uso. "Nani aliona yai?"

Nimeota mara nyingi kwamba nilifungua kinywa. Nilikuwa nimesimama mlangoni, hatua tatu kutoka mezani. Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili. Lakini niliona wazi kwamba aliyeona yai ndiye aliyesoma rula, na kwamba nikisema moja nitaulizwa la pili.

Baba aligeuza uso wake upande wa mlango. Alikaa hivyo kwa muda. Nilidhani anasikiliza mvua.

"Mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyeona."

Yule kijana alimtazama baba machoni, kwenye zile mboni nyeupe. Akafunga kaunta buku taratibu na kuisukuma upande wetu wa meza.

Ili kuwa mwungwana aliuliza kama anaweza kuonyeshwa mmoja aliye hai, amsikilize mwenyewe. Ambokile aliitwa. Alikuja amevaa shati jipya. "Mtaalamu, kule sasa ni viazi," alisema. "Wa mwisho niliwauza mwezi uliopita. Toka hapo mitego inalala mitupu." Hata hivyo walipanda, baba ameshika bega la Ambokile, wakakaa huko mpaka jua likaanza kushuka. Walirudi wamelowa. Nilimwona kijana akimpa baba mkono kwa mikono yake yote miwili, kama kwenye msiba. Ndege alituachia. Alisema wangeharibika safarini, na kwamba kwao huko wanao wengi wa aina hiyo.

Baba hakunigombeza, si siku ile wala baadaye. Nilingoja kupigwa kwa wiki nzima na ningeshukuru. Jumatatu iliyofuata alimwambia mama yuko tayari kwenda sokoni. Akawa mshikaji wa makoti. Hakuona doa wala tundu, lakini kwa vidole aliweza kusema hili sufu, hili nailoni, na wateja walimpenda kwa sababu hakuweza kuwadanganya juu ya rangi. Naftalini iliisha na hakununua nyingine. Mwaka mmoja baadaye mama alifungua sanduku la bati atafute mahali pa kuweka suruali, kukatoka vumbi na manyoya.

"Wamebaki wangapi?" baba aliuliza akiwa kitandani.

"Hakuna."

"Basi weka suruali."

Nilikuwa chuo cha ualimu alipoanza kuumwa ule ugonjwa wa mwisho. Nilikuja likizo nikamkuta amepungua, safari hii kweli, mkono wake ukiwa mwepesi kama mti mkavu. Haoni kabisa. Nilikaa kwenye kigoda nikamwambia, "Baba, zile hesabu za kwale."

"Najua," alisema.

"Tangu mtaalamu alipokuja?"

"Tangu ndege wa pili. Nilikuwa na kidole, Atu. Lile bawa lilikuwa refu kuliko la kwanza, wewe ukasema fupi."

Niliuliza kwa nini basi hakusema. Nje mtoto wa jirani alikuwa akifukuza kuku.

"Nilikuwa nimekaa barazani miezi mingapi? Hakuna aliyekuwa anataka niwe sahihi juu ya kitu chochote. Halafu nikasikia kuna mtu mmoja anataka, mpaka anaiba milimita." Alikohoa, nikamfuta mdomo. "Nilisema nitakusahihisha kesho. Kila kesho ulikuwa na furaha sana. Na mimi vilevile."

Nililia. Akaniacha nilie, kisha akaniuliza jambo ambalo naamini alikuwa amelihifadhi miaka yote ile.

"Na yai?"

"Yai lilikuwepo, baba. Nakuapia. Lilikuwa na gamba. Lile lilikuwa kweli."

Alielekeza uso wake kwangu, kama siku ile mlangoni. Nikaelewa, nikiwa nimechelewa miaka tisa, kwamba siku ile hakuwa akisikiliza mvua. Alikuwa ananisubiri mimi. Alinipa nafasi ya kusema, na nilipoiacha ipite aliichukua yeye, akaapa kwa macho asiyokuwa nayo juu ya yai ambalo hata yeye hakuwa na hakika nalo.

"Sawa, mama," alisema.

Alifariki kabla likizo haijaisha. Sijui kama aliniamini. Alisema sawa kwa sauti ileile aliyotumia kusema andika, baada ya ndege wa pili.

Nimefundisha sayansi miaka mingi sasa. Kwa hiyo naelewa ambacho mtoto yule hakukielewa, kwamba vipimo vya kweli vilitosha. Ndege hahitaji kuwa mfupi sana ili awe wa peke yake. Miguu, sauti na yai vingemfanya kijana yule abaki wiki moja, atafute mahali ambapo trekta halijafika. Alichokosa si ndege, ni mtu wa kumwamini, na mimi ndiye niliyemwondolea mtu huyo. Nimeshapanda kule juu mara nne. Viazi vilihama, ikapandwa misonobari, na chini ya misonobari hakuna nyasi wala mlio. Niliandika barua kwenye jumba lile la makumbusho nikakiri yote. Nilijibiwa kwa adabu na mtu mwingine kwamba bila ndege hakuna linaloweza kufanyika.

Ndege wa saba alikuwa na yai. Lilikuwa limekamilika, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na ute wake ulikuwa wa uvuguvugu vidoleni mwangu. Nawaambia ninyi, ambao mmeshanisikia nikidanganya, na ambao hamna sababu yoyote ya kuniamini.